Mtu Niliyemjua kwa Sauti

Sura yake sikuwa nimewahi kuiona. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonitesa siku ile kuliko yote, na kwa sababu sitaki anayesoma adhani nilikuwa na shoga wa kusukana na kuazimana chumvi. Tulikuwa watu wa simu. Mimi niko Kiseke, huku mjini, yeye yuko kisiwani, na katikati kuna ziwa.

Tulikutana kwenye kundi la wafuga kuku. Si kundi la mambo makubwa. Mmoja kuku wake wanakoroma, mwingine anauliza chanjo ya kideri ni ya kudondoshea machoni au ya kuweka kwenye maji, wa tatu anatuma picha ya kinyesi cha kuku asubuhi watu wakiwa kwenye chai. Mimi niliishia darasa la saba na kuandika kwenye simu kunanichosha vidole, kwa hiyo nilikuwa nasoma zaidi ya kusema. Yeye hakuandika kabisa. Alikuwa anatuma sauti. Mahali pa picha yake aliweka jogoo mwekundu wa aina ya kuchi, na mimi kwenye simu yangu nilimhifadhi hivyo hivyo, Jogoo wa Kisiwani.

Kila asubuhi, kabla hata ya mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, alikuwa anauliza: "Wamekura?"

Alitaka kujua kama kuku wetu wameshakula. Ile l kwake ilikuwa r, kama ilivyo kwa wengi wetu wa huku. Mimi mwenyewe watoto wangu wananiambia nasema "ledio", kwa hiyo sina mdomo wa kumcheka mtu. Lakini alikuwepo kaka mmoja wa Mabatini, mwenye duka la pumba, na yeye alimcheka kwa niaba ya kundi zima.

"Wangu wamekura mapema, dada. Foleni haikuwa ndefu."

Kesho yake: "Matetea wote wamekura. Jogoo kapita bila kupingwa."

Naye anajibu akicheka, cheko la kuanzia tumboni: "We kaka, utakufa masikini na maneno yako. Nimeuliza, wamekura?"

Hivyo ndivyo nilivyomjua. Nilijua kicheko chake, nilijua anavyovuta pumzi kabla ya kusema jambo la huzuni. Nilijua mumewe hayupo na mwanawe yuko darasa la nne. Wakati banda langu lilipopigwa na kideri nikabaki na vifaranga vya kuhesabika kwa mkono mmoja, yeye ndiye aliyenipigia, akakaa kimya na mimi hewani mpaka salio lake likaisha. Sijui kama mtu wa kuonana uso kwa uso angenifanyia zaidi. Labda angenifanyia. Nasema nilichopewa.

Jogoo wangu alikufa katika kideri hicho. Akasema ataniletea jogoo kijana wa kuchi siku atakayokuja mjini. Safari ilikuwa yake, alikuwa na sare za mtoto za kununua. Hakuvuka maji kwa ajili yangu. Hilo nimelirudia sana moyoni. Siku aliitaja yeye, Ijumaa, mimi nikasema "sawa". Nimeisikiliza tena ile sauti yangu. Ni sawa moja tu, fupi, ya mtu anayekoroga sufuria. Lakini kuna saa nimeona ni hiyo sawa iliyompandisha kwenye boti.

Ijumaa hiyo asubuhi aliniletea sauti akiwa majini. Injini inanguruma, upepo unapiga kwenye simu, na nyuma yake jogoo anawika.

"Unamsikia mgeni wako? Sijui kaona alfajiri gani saa hizi. Nikishuka mwaloni nakupigia. Usinipikie samaki, nimewachoka."

Nilipika wali na maharage. Nilikuwa naonja maharage chumvi wakati kaka wa Mabatini alipoandika kwenye kundi: "Jamani wa visiwani mko wapi? Nasikia kuna boti imepinduka."

Nikapiga. Yule mama wa kwenye mtandao akaniambia namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Nikapiga tena, kana kwamba yule mama anaweza kubadili mawazo. Nikamtumia sauti, "Dada, uko wapi?" Tiki moja. Nikasimama na mwiko mkononi nikiitazama ile tiki moja mpaka maharage yakashika chini.

Watu walianza kutuma video. Nilifungua moja nikaona maji, ubavu wa boti, na kitu cha njano kinachoelea ambacho huenda kilikuwa dumu. Sikufungua nyingine. Mzee wa Usagara, aliyestaafu kazi ya ofisi na akawa ndiye anayetutuliza tukigombana, akaandika: "Msitume picha. Kila mtu aseme yupo."

Wakaanza. Nipo. Nipo. Tupo wote hapa nyumbani. Nipo, ila mdogo wangu simpati. Kila Nipo ilipoingia moyo wangu ulipanda, nikisoma si yeye ukashuka.

Kisha mama mmoja, wa kutoka Kagera lakini anakaa hapa mjini, akabadilisha picha ya kundi akaweka mshumaa. Kaka wa Mabatini akawaka.

"Mshumaa wa nani huo?"

"Wa wote walioko majini."

"Mama, mtu hapewi pole kabla ya habari. Unamchimbia mtu wetu. Toa."

Na mimi niliandika: toa. Akautoa. Baadaye akanitumia peke yangu, nje ya kundi: "Sikuwa namzika, mama. Kwetu tukiogopa tunawasha mshumaa, ndivyo tunavyoomba." Kumbe naye alikuwa anaogopa kama mimi, ila hofu yake ilikuwa na mshumaa na yangu haina. Nilimwomba radhi. Sijui kama niliomba vizuri.

Ndipo ujumbe wa mtoto ukaingia. Yule binti wa darasa la nne alikuwa na simu ya zamani ya mama yake, yenye kioo kilichopasuka, na mama alikuwa ameiingiza kwenye kundi ili mtoto awe anamsomea tarehe za chanjo. Aliandika hivi, bila nukta wala mkato:

simu ya mama amezama mimi niko kwa bibi

Yule wa mshumaa akaandika, "Mungu wangu," basi.

"Subirini kwanza," akasema kaka wa Mabatini kwa sauti, na sauti yake haikuwa na mzaha hata kidogo. "Kilichozama ni simu au ni mama?"

Mzee wa Usagara alichelewa kujibu. Ilionyesha anaandika, inakata, anaandika. "Kwa Kiswahili, simu imezama. Mtu ndiye amezama. Mtoto ameandika amezama." Halafu ukaja mwingine: "Lakini ni mtoto."

Nikasoma tena. Ukiweka nukta baada ya mama, basi mtoto anatuambia kwamba hii ni simu ya mama, na mama amezama. Usipoiweka, ni simu tu iliyoko chini ya ziwa, na dada yangu yuko mahali fulani ameloa. Nikajaribu kukumbuka: si sisi wa huku tunasema hata simu amepotea, sufuria ametoboka, hasa watoto, hasa wakiwa na haraka? Nikaona kweli tunasema. Kisha sikuwa na hakika kama tunasema au natamani tu tuwe tunasema.

Tukamwandikia wote kwa pamoja. Mwanangu, nani kazama? Binti, jibu. Tiki moja, tiki moja, tiki moja. Simu ya kioo kilichopasuka nayo ilikuwa imezimika. Nimeogopa nyoka, nimeogopa radi, nimeogopa homa ya mtoto. Sikuwa nimewahi kuogopa herufi.

Mzee wa Usagara akagawa kazi. Kaka wa Mabatini afunge duka aende hospitali walikopelekwa majeruhi. Mimi wa Kiseke niende kwenye uwanja wa shule karibu na ziwa, ambako wengine walikuwa wanapelekwa. Hakuandika wengine gani. Aliandika tu, "Mama, utaweza?" Nikaandika nitaweza. Ulikuwa uongo, lakini nilikuwa nimeshapanda bodaboda.

Kwenye uwanja walikuwa wamesimamisha mahema. Watu wengi na kelele kidogo, jambo ambalo sijalizoea. Umati wetu huku huwa na kelele. Kwenye meza alikaa binti wa kujitolea, na mbele yake palikuwa na watu wamesimama kwa mstari kama wa zahanati. Zamu yangu ikafika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Pole. Unamtafuta nani?"

"Rafiki yangu."

"Jina lake kamili?"

Nikamtajia jina la mtoto wake, nikasema ni mama yake huyo. Akaandika.

"Umri?"

"Kama wangu. Au mdogo kwangu. Sauti yake ni ya mtu mzima."

"Alivaa nini?"

"Sijui, mwanangu."

"Mwembamba? Mnene? Mweusi, maji ya kunde?"

"Sijui."

Akaweka kalamu chini. "Sasa mama, utamtambuaje?"

"Kwa sauti."

Hakunidharau, hilo naomba lieleweke. Alikuwa amechoka na macho yamemvimba, na aliniambia taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa: "Mama, waliomo humu hawasemi."

Nikaenda kukaa kwenye benchi chini ya ukuta wa darasa. Pembeni yangu alikaa mwanamke aliyepakata shati la mwanaume, la mistari, limepigwa pasi. Aliambiwa alete kitu cha mumewe, akaleta shati, sasa hajui ni la kazi gani. Alikuwa amemtajia yule binti kila alama yake: jino la dhahabu, alama ya ndui, suruali ya kijani, mshono wa tumbo. Mimi sikuwa nimeleta kitu.

"Wako ni nani?" akaniuliza.

"Rafiki."

"Wa wapi?"

Nikaona aibu. "Wa kwenye simu."

Nilidhani atacheka au atakasirika. Akasogea akanipa nafasi. "Wa simu naye ni mtu," akasema.

Nikawaandikia kundini kwamba sijui hata alivyo. Na hapo ndipo walipofanya kitu ambacho sitakisahau. Wakaanza kurudi nyuma kwenye sauti zake zote, za miezi na miezi, kila mmoja zile alizonazo, wakitafuta mwili ndani yake. Yule wa mshumaa akapata mahali anaposema kila akiingia bandani anajigonga paji la uso kwenye mti wa mlango. Basi ni mrefu, au mlango ni mfupi. Kaka wa Mabatini, akiwa amesimama kwenye korido ya hospitali, alikumbuka aliposimulia jogoo alivyomdonoa kidole gumba mpaka akashonwa. Mkono gani? Hakuna aliyemuuliza. Tulimwambia tu aweke majivu. Mzee wa Usagara alisikia mluzi kidogo kwenye s zake, akadhani ana pengo mbele. Au ni simu yake mzee.

Nami nikawa nasikiliza moja moja, simu sikioni. Moja ikatoka kwa nguvu, kicheko chake kikamwagika kwenye benchi zima. Watu wakageuka. Nikaizima haraka.

"Ndiye huyo?" akauliza mwenye shati.

"Ndiye."

"Ana kicheko kizuri." Alisema ana. Nilimshukuru kwa hiyo ana bila kumwambia.

Nikampelekea binti wa mezani tulichokipata. Mrefu, kovu kidole gumba, pengo huenda. Akaandika, akaingia kwenye hema, akakaa huko. Alivyorudi hakurudi mezani, alinijia mimi.

"Kuna mmoja mrefu. Ana kovu la kidole. Utaweza kuangalia?"

Mwenye shati akasimama kabla yangu. "Usiingie peke yako," akasema, akanishika kiwiko mpaka ndani.

Alikuwa mwanamke mrefu kweli. Walimfunika kanga, wakaifunua usoni na kwenye mkono wa kulia. Kovu lilikuwepo kwenye kidole gumba, dogo, la zamani. Lakini nani katika sisi hana kovu kidoleni? Kisu, jembe, mkebe, sote tumekatwa. Mdomo ulikuwa umefumba, pengo silioni, na sikuthubutu kuomba. Nikaanza kuweka ile sauti kwenye mdomo ule. Wamekura? Nikajaribu tena. Siwezi kusema ulikataa. Siwezi kusema ulikubali. Nilimtazama yule mtu kama mtu anayetazama mlango akisubiri ufunguliwe, na nikajua kwamba hata kama ndiye, hata kama amelala hapo akiwa ndiye, mimi sitajua.

"Ni yeye?" akauliza binti.

"Sijui."

"Sitaandika ndiye, wala sitaandika siye," akasema. "Nitaandika hujui."

Nje, nikawaeleza kundini. Kaka wa Mabatini akatuma sauti: hospitali hayupo, ameuliza wodi zote, halafu akajikohoza akakata. Mzee wa Usagara akaandika, "Mama, umefanya vema kutosema." Sikuona wema wowote. Niliona sura ya yule mrefu, na kila sauti niliyoisikiliza sasa ilitoka kwenye sura hiyo. Nilikuwa nimempatia rafiki yangu uso, na uso wenyewe ulikuwa huo.

Simu ikaita. Namba ngeni. Nikapokea.

"Ni mimi."

Ilikuwa sauti kama bati linaloburutwa juu ya zege. Si ya mwanamke, si ya mwanaume.

"Wewe nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Nilishaambiwa kwamba kwenye misiba kama hii matapeli huwa wanapiga. Mtu wako tunaye, tuma kwenye namba hii. Nikaikaza simu sikioni nikisubiri hiyo namba. Upande wa pili mtu akavuta pumzi, akakohoa sana, na nikasikia mtu mwingine anamwambia asiseme, apumzike.

"Sauti imeisha," likasema lile bati. "Nimeita watu mpaka imeisha. Kuku wako... wamekura?"

Nikaanguka kukaa kwenye benchi, nusura nimkalie mwenye shati.

"Wamekura," nikasema. "Wote wamekura." Nilisema na r, na sikujua kama nimesema hivyo kwa kumfuata au ndivyo ninavyosema siku zote.

Boti ya wavua dagaa ndiyo iliyomtoa, ikampeleka ufukwe mwingine mbali na huku, kwenye zahanati. Simu yake ilizama. Aliyokuwa anatumia ni ya muuguzi. Namba ya nyumbani ndiyo pekee aliyoijua kwa kichwa, akampigia mtoto kumwambia simu imezama; mtoto akatuandikia, chaji ikaisha, akakimbia kuchaji kwa jirani, na alipopigiwa tena akamsomea namba yangu.

"Jogoo sikumfikisha," akasema.

"Achana na jogoo, dada."

"Nilimkata kamba ya miguu. Nikaona asife amefungwa. Kuku anajua kuogelea?"

Nikasema sijui. Nikasema huenda. Muuguzi akaomba simu yake.

Nilipoishusha simu nikakuta mwenye shati ananitazama. Alikuwa amesikia kila kitu, kwenye benchi moja hakuna siri.

"Ni wako?"

"Ni wangu."

"Mzima?"

Nilitaka kudanganya. Nilitaka kusema bado haijulikani, nibaki naye upande ule wa kutokujua, maana kumwacha peke yake huko niliona ni wizi. Lakini alinipa ile ana, na aliniingiza ndani kwa kiwiko. Nikaona kumdanganya ni kumdharau.

"Mzima," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. "Haya. Mshukuru Mungu." Akakunjua lile shati, akalikunja upya, mikono ndani, kola juu, kama la kuuza.

Kundini niliandika: "Mzima. Msipige kelele, niko na wenye msiba." Na kweli hawakupiga. Hakuna aliyetuma vigelegele wala makopakopa. Yule wa Kagera aliandika, "Naomba sasa niwashe?" Nikamjibu awashe, awashe na wa yule mrefu, ambaye bado alikuwa ndani na hakuna aliyemjua, na ambaye mimi karibu nimpe jina lisilo lake. Kaka wa Mabatini aliandika neno moja tu: "Kapita."

Nilipaswa kurudi nyumbani. Maharage yameungua, kuku hawajafungiwa. Sikuondoka. Kila binti wa mezani alipoinua uso, benchi zima liliacha kupumua, nami pamoja nao, ingawa wangu alishapatikana. Hofu haikuwa imeniondoka. Nilifikiri: zahanati ile ina dawa? Kifua kile kitapona? Atarudije kwa mtoto, ikiwa nyumbani kwake hakufikiki ila kwa maji? Mpaka ninapoandika haya hajavuka kuja huku tena, na sauti yake haijarudi yote. Asubuhi sauti hiyo inapochelewa kuingia huwa natoka nje nikawatazame kuku, kwa sababu simu siwezi kuitazama.

Binti wa mezani akainuka. Akatembea kuja kwetu, na macho yake hayakuwa kwangu.

"Mama," akamwambia mwenye shati, "njoo na hilo shati."

Mwanamke akasimama, akakaa, akasimama. Akanigeukia. Alininyooshea kiwiko chake kidogo, nikishike kama alivyokuwa ameshika changu.

Simu ikaanza kuita mkononi mwangu, ile namba ya muuguzi. Nikaizima, tukaingia.